Mambo Wayapendayo Watoto na Masomo Yao: Habari za Garissa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, baada ya kumalizika mambo ya ada.)



Tumepewa nusu saa kusema habari za watoto. Twajua wako watakaonong'ona kwamba chama cha wafanya kazi ni cha mishahara, saa za ziada na nyumba, wala si cha michezo ya watoto. Lakini ndugu, mshahara wenyewe waenda wapi? Mwisho wa mwezi, tukiisha kutoa sehemu ya chakula na kodi, kinachobaki chaenda kwa karo, sare na madaftari. Kama twanunua elimu kwa jasho letu, yafaa tujue kama mzigo huo unafika nyumbani au unapotea njiani.

Sisi tunaosema leo tu wachache katika tawi hili. Tumetoka Garissa na pande zake, Wasomali na wasio Wasomali, wengine tuliosoma duksi na wengine tuliosoma shule ya msingi ya misheni. Twafanya kazi ya reli, na Garissa haina reli. Ule mpango wa njia itokayo Lamu, ipite Garissa hata Isiolo, kisha iende Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012 kwa shangwe kubwa mbele ya wakuu wa nchi tatu. Lakini mpaka leo mtoto wa Garissa hajasikia honi ya treni mjini kwake. Kwa hiyo sisi twakaa Voi, Mtito Andei na Emali, na wake zetu na watoto wako ng'ambo ya Tana. Likizo ikifika twapanda basi Nairobi, twapita Thika na Mwingi, kilomita kama 370, twavuka daraja, na kwa siku chache twawa baba. Na mto ukifurika, kama Novemba 2023 barabara ilipokatika pale Madogo, likizo yaweza kwisha mtu akitazama nyumba yake upande wa pili wa maji.

Jambo lililotufanya tuombe nafasi hii ni walimu. Mwakumbuka tarehe 22 Novemba 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera lilisimamishwa na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda makwao kwa likizo ya Disemba. Hazikupita siku kumi na tano, wafanya kazi 36 wa machimbo ya mawe wakauawa huko huko Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Na tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, katika kaunti yetu. Baada ya hapo tume inayoajiri walimu, TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera.

Sisi watu wa vyama hatuwezi kumlaumu mwalimu aliyeondoka. Mwalimu ni mfanya kazi kama sisi, na mfanya kazi ana haki ya kurudi nyumbani mzima. Vyama vya walimu vilidai usalama wa watu wao, na ndivyo chama chochote kingefanya. Lakini watoto hawakuhamishwa. Walibaki pale pale, darasa mbili tatu zikakaa chini ya mtu mmoja, na mahali pengine kijana aliyemaliza sekondari juzi akapewa chaki. Upungufu huo haujakwisha. Basi swali letu ni hili: mwalimu akiwa haba, mtoto atafundishwa na nani na kwa kitu gani?

Jibu letu twalitoa bila kuzunguka. Afundishwe na kila aliye karibu naye, na afundishwe kwa kile anachokipenda tayari.

Tazameni watoto wa Bulla Iftin au Bulla Punda jioni jua likipungua makali. Mmoja ana mkoba wa shule wenye picha ya Spider-Man, ulioletwa na mjomba kutoka Eastleigh, labda pale pale Garissa Lodge. Dada yake ana wa Elsa, yule binti mfalme wa barafu, ingawa barafu yenyewe hajaiona ila katika jagi. Wavulana watano wamevaa jezi za Liverpool, Arsenal na Manchester United, zimechanika mgongoni lakini jina la mchezaji bado lasomeka. Wengine wametengeneza lori kwa waya na kopo la maziwa, na wameliandika jina la basi la Nairobi. Na simu ya mama ikiachwa kitandani kidogo, mara moja wameizunguka vichwa sita, watazama katuni.

Sisi akina baba tukiona hayo twasema nini? Twasema, "Acha upuuzi, kamata kitabu." Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu shuleni mchezo ulikuwa upande mmoja na masomo upande wa pili, na katikati ilisimama fimbo. Lakini hebu tufikiri kama mafundi. Injini ikiwa tayari ina moto na mvuke, fundi gani huuzima moto ili aanze upya kuuwasha kwa kuni mbichi? Mtoto anayejua majina ya wachezaji 22 na nchi walizotoka, na nani alimfunga nani mwaka gani, ana moto tayari. Kazi yetu ni kumfungia mabehewa.

Jambo hili si la kubuni kwetu. Marekani, katika miaka ya 1960, bibi mmoja wa televisheni aitwaye Joan Ganz Cooney aliona kwamba watoto wadogo, hata wasiojua kusoma, walikuwa wakiimba matangazo ya pombe ya kwenye televisheni neno kwa neno. Hakulia wala kuzima televisheni. Alisema, kama tangazo la pombe laweza kukaa kichwani mwa mtoto, kwa nini herufi na hesabu zisikae kwa njia ile ile? Kwa fikira hiyo yeye na wenzake walianzisha Sesame Street, kipindi cha vikaragosi kilichotoka mara ya kwanza tarehe 10 Novemba 1969, na walengwa wao wa kwanza walikuwa watoto wa maskini wa mijini. Baadaye kikazaa ndugu katika nchi nyingi. Hata Tanzania walipata wao, Kilimani Sesame, mwaka 2008.

Kisha majirani zetu wakafanya la kwao wenyewe. Mwaka 2013 kule Dar es Salaam kulianzishwa shirika liitwalo Ubongo, na mwaka uliofuata Ubongo Kids ikaanza kuonekana, katuni ya Kiswahili inayofundisha hesabu kwa hadithi na nyimbo. Baadaye wakatoa Akili and Me kwa wadogo zaidi. Akili ni mtoto wa kike wa miaka minne, akaa chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala usingizi huingia nchi ya Lala, ambako yeye na wanyama rafiki zake hujifunza herufi, tarakimu na maumbo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walikwenda Morogoro wakawapima watoto zaidi ya 500. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliotazama Akili walijua kuhesabu, kutambua maumbo na maneno ya Kiingereza kuliko wenzao walioonyeshwa vipindi vingine. Angalieni, wote walitazama kioo. Tofauti ilikuwa ni kile kilichokuwa ndani yake.

Hapa Kenya shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, stesheni ya televisheni ya watoto, Akili Kids, ilianza tarehe 31 mwezi ule ule, haitaki malipo ya mwezi. Kwa wenye televisheni ilikuwa neema. Lakini tusidanganyane. Nenda Ijara au Balambala uhesabu nyumba zenye televisheni, hutamaliza vidole. Ndiyo sababu hatukuja hapa kuwaambia mnunue vyombo. Katuni ikionekana mara moja kwa simu ya jirani yatosha, kwa maana mtoto akiisha kumjua mtu wa hadithi, huyo mtu amekwisha kuhamia kichwani na hatumii umeme. Mama aweza kumwambia, "Akili amekuja kwetu, ana mbuzi saba, ameuza wawili Soko Ng'ombe, arudi na wangapi?" Mtoto aliyekuwa akikimbia hesabu atajibu, tena atauliza bei.

Sasa twaja kwenye mpira, na hapa mtuvumilie kwa kuwa ndipo tulipofanyia kazi zaidi.

Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20. Kila moja hucheza na wenzake 19, nyumbani na ugenini, yaani michezo 38. Ushindi ni pointi tatu, sare ni moja, kushindwa ni sufuri. Mtoto wa Garissa wa miaka tisa ayajua haya yote bila kufundishwa na mtu. Mpe upande wa ndani wa katoni ya unga na kipande cha makaa, mwambie aandike msimu wa Arsenal wa 2003-04 ambao hawakushindwa hata mara moja: ushindi 26, sare 12. Atatafuta 26 mara 3, apate 78, ajumlishe 12, apate 90. Hiyo ni hesabu ya kuzidisha na kujumlisha, na hakuna aliyemshurutisha. Mwenzake wa Manchester atakuja kubisha, naye itambidi athibitishe kwa makaa. Mwulize sasa Leicester walipochukua kombe mwaka 2016 kwa ushindi 23, sare 12 na kushindwa 3, walipata ngapi. Themanini na moja.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu lilitushinda shuleni, nalo ni namba zilizo chini ya sufuri. Mwalimu aliandika alama ya kutoa mbele ya namba, nasi tukaona ni uchawi. Lakini mpira wayaeleza vizuri kuliko ubao. Derby County msimu wa 2007-08 walifunga mabao 20 wakafungwa 89. Tofauti yao ni kutoa 69. Mtoto aliyecheka mpaka akakaa chini kwa habari ya Derby hatasahau maana ya namba hasi. Ni deni la mabao. Sisi watu wa mshahara tungeielewa mapema kama wangetuambia ni deni.

Baada ya hesabu yaja ramani. Mohamed Salah, ambaye kwetu watoto wa duksi wampenda kwa sababu akifunga husujudu, ni mtu wa Nagrig, kijiji cha Misri katika delta ya Nile. Nile yatoka wapi? Sehemu yake yatoka Ziwa Victoria, na Ziwa Victoria twalijua, reli yetu ya zamani ilifika ukingoni mwake Kisumu mwaka 1901. Kumbe mtoto aanzia kwa Salah, afika Misri, apanda na mto hata nyumbani. Alipofunga mabao 32 katika ligi ya 2017-18 kulikuwa na vijana Garissa walioweka hesabu yake ukutani kwa vijiti, kila bao kijiti, kila tano wakapitisha mstari. Hakuna mwalimu aliyewafundisha kuhesabu kwa tano. Labda waliona kwa wenye ngamia.

Tena kuna lugha. Mtoto wa Kisomali huzungumza Kisomali nyumbani, asoma Kiarabu duksi, kisha shule yamdai Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Lugha nne juu ya kichwa kimoja. Kiswahili chake kizuri mara nyingi amekipata katika kibanda cha video, akimsikiliza mtangazaji wa mpira. Basi afanywe mtangazaji. Vijana wachezao waache wacheze, na mmoja asimame na kopo mdomoni atangaze kwa Kiswahili: nani amempa nani, nani ameotea, zimebaki dakika ngapi. Mwingine aandike habari ya mchezo katika daftari kama gazeti. Tumeona mtoto asiyetaka kuandika mistari mitatu ya insha akiandika ukurasa mzima juu ya penalti iliyonyimwa.

Hapo hapo lazima tutaje doa. Mpira umeingiliwa na kamari ya simu, na wako vijana, hata wanachama wetu, wanaoandika namba za mpira usiku kucha bila kupata elimu wala fedha. Tukifundisha hesabu kwa mpira, tumfundishe mtoto na hesabu ya kamari. Atupe sarafu mara 20 akikisia kila mara upande utakaoangukia, na kila akikosea atoe punje mbili za mahindi, akipatia apewe moja. Aone mwenyewe bakuli la nani linajaa.

Kwa wale wasiopenda mpira kuna mbio. Mo Farah, mzaliwa wa watu wa Kisomali, alishinda mita 10,000 mjini London tarehe 4 Agosti 2012 kwa dakika 27 na nusu na kidogo. Uwanja ni mita 400, kwa hiyo ni mizunguko 25, na ukigawanya utaona alikimbia kila mzunguko kwa sekunde kama 66. Pimeni mita 100 kwa kamba, mtoto akimbie, mwenzake ashike saa ya simu, kisha wafanye hesabu kama angeweza kuendelea hivyo mara 100. Watacheka, lakini watakuwa wamepima, wamezidisha na wamelinganisha. Wapimie mahali pa wazi palipo mbali na ukingo wa Tana, maana mamba hajui michezo.

Twaingia sasa katika kazi yetu wenyewe, ambayo kwa watoto wa Garissa ni kama hadithi. Wengi wao treni wameijua kwa Thomas, lile garimoshi dogo la buluu lenye uso. Hadithi zake ziliandikwa na kasisi wa Uingereza, Wilbert Awdry. Alianza kumsimulia mwanawe aliyekuwa amelala na surua wakati wa vita, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1945. Yaani masimulizi ya baba kando ya kitanda cha mgonjwa. Na jambo ambalo wengi hapa hamjui: tangu mwaka 2018 katika hadithi hizo kuna garimoshi la kike liitwalo Nia, nalo latoka Kenya. Walilichora kwa kufuata magarimoshi ya jamii ya ED1 ya Reli ya Kenya na Uganda, yale madogo ya tangi yaliyokuwa yakipanga mabehewa. Jina ni la Kiswahili na injini ni yetu. Mtoto wa kike wa Garissa akisikia hayo, mara anataka kujua reli iko wapi na kwa nini haijafika kwao, na swali hilo la pili tumeshindwa kumjibu.

Mchezo wa treni hauna gharama. Pakiti za maziwa zikiunganishwa kwa uzi ni mabehewa. Mchangani chora njia, weka vijiti kuwa mataruma. Mmoja ni dereva, mmoja gadi, mmoja stesheni masta, na stesheni masta lazima ajue kusoma saa kwa kuwa ana ratiba: treni yatoka Mombasa saa mbili, yachukua saa tano, itafika saa ngapi, na ile itokayo Nairobi itakutana nayo wapi. Katika njia moja treni mbili hazipiti pamoja, kwa hiyo wakikosea hesabu kuna ajali ya pakiti. Tumeona watoto wakibishana juu ya dakika kumi kwa ukali kuliko ule tuuonao katika ofisi zetu.

Wapeni na vipimo vya kweli. Njia ya zamani upana wake ni milimita 1,000, yaani mita kamili. Njia mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa Mei 2017, ni milimita 1,435. Mtoto akate vijiti viwili vya vipimo hivyo avilaze mchangani, aone kwa nini gari la njia moja haliwezi kwenda katika nyingine. Waambieni habari za yale magarimoshi makubwa ya Garratt ya jamii ya 59, yalikuwa 34, na kila moja lilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja, Mount Gelai, liko katika makumbusho ya reli Nairobi. Ukihesabu magurudumu yake kwa mpango wetu, nne, nane, mbili, kisha mbili, nane, nne, ni 28. Mtoto mwenye pakiti za maziwa azipe majina ya milima, atafute kila mlima uko nchi gani. Hiyo ni jiografia ya wiki nzima.

Wazee wengine wa kwetu, na baadhi ya masheikh, hawapendi picha wala nyimbo hizi za kigeni. Hatukuja kubishana nao. Mwenye mashaka na picha aachane na picha, michezo yetu ya kale yatosha sana. Shax, ule mchezo wa Kisomali wa miraba mitatu iliyo ndani kwa ndani, una nafasi 24 na kila mchezaji ana kete 12, na anayetafuta kupanga tatu kwa mstari afikiri hatua nne mbele. Mchezo wa vishimo, ambao ni jamaa ya bao la pwani, hauwezekani bila kuhesabu. Wazee wanaocheza shax chini ya mgunga wakimruhusu mjukuu acheze badala ya kumtuma chai tu, wamemfundisha. Na duksi yenyewe ilitangulia katika njia hii. Mtoto ana ubao wake wa mti, aandika, asoma kwa sauti ya mahadhi pamoja na wenzake, afuta, aandika tena. Yule aliyeona matangazo ya pombe Marekani aligundua jambo ambalo mwalimu wa duksi alilijua zamani, kwamba neno lenye mahadhi halitoki kichwani.

Twataka kusema neno juu ya watoto wa kike. Katika nyumba nyingi za pande zetu kijana huruhusiwa kukimbia na mpira na binti huitwa jikoni. Tukisema mchezo ni mlango wa masomo halafu tumfungie binti mchezo, tumemfungia mara mbili. Nani anajua zaidi habari za kupima kuliko binti anayeteka maji kwa mtungi wa lita 20 na kujua mitungi mingapi yatosha nyumba ya watu tisa kwa siku? Aulizwe hesabu hiyo katika hadithi ya Elsa akitaka, au ya Akili, au ya Nia anayehitaji maji ya kutia tangini kabla ya kupanda mlima. Tena apewe jezi.

Na wale waliochangamka sasa wapunguze mwendo kidogo. Kuna baba atakayetoka hapa leo na kuugeuza mpira kuwa mtihani. Mtoto akisema Salah tu, baba amwuliza hesabu. Akitazama katuni, baba asimamisha simu kuuliza herufi. Baada ya siku tatu mtoto ataanza kumficha baba yake jina la Salah. Mchezo una mwenyewe, naye ni mtoto. Sisi twaingia kama abiria. Afadhali tumwulize yeye atufundishe: "Nieleze, hii tofauti ya mabao ni nini?" Maana mtoto akimfundisha baba, atahakikisha kwanza kwamba yeye mwenyewe ameelewa, na hilo ni somo kubwa kuliko tuliloleta sisi. Akichoka, aachwe acheze bila hesabu. Usingizi nao ni haki yake, na simu usiku ilale kwa mama.

Yaliyobaki ni mambo ya tawi, nasi twaomba matatu.

La kwanza, ratiba zilizopitwa na wakati na karatasi zilizoandikwa upande mmoja, ambazo hutupwa stesheni, tuombe ruhusa kwa wakubwa tuzikusanye. Upande wa pili ni mweupe. Mtoto akiandika hesabu zake nyuma ya ratiba ya kweli ya treni atajiona mtu wa kazi.

La pili, tawi letu liwaandikie ndugu zetu wa vyama vya walimu kule Garissa, tuwaulize walimu waliobaki wanahitaji nini ambacho sisi twaweza kubeba kwa basi. Tusiwapelekee ushauri, wana wa kutosha.

La tatu ni likizo. Mwanachama ambaye nyumba yake iko mbali hutumia siku mbili njiani kwenda na kurudi, na siku hizo zakatwa katika siku zake za kukaa na watoto. Twaomba kamati iliweke jambo hili katika madai ya mwaka huu, kwamba siku za safari zisihesabiwe. Tumeliandika katika karatasi na majina ya walioweka sahihi yako chini. Nafasi bado ipo kwa wengine kutoka Wajir, Mandera, Turkana na Lamu, ambao njia yao ni ndefu kuliko yetu.

Katoni na karatasi zipelekwe katika chumba cha tawi kabla ya Alhamisi jioni. Ndugu wawili wanakwenda likizo Ijumaa, nao wamekubali kubeba kadiri kondakta wa basi atakavyowaruhusu bila kulipia mzigo.